Usitupe kimchi iliyochacha: sayansi ndani ya chungu cha kimchi jjigae

Novemba ya mwaka wangu wa kwanza wa masomo hapa Daejeon, Korea Kusini, bibi mwenye nyumba aligonga mlango akanipa ndoo ndogo ya kimchi. Ulikuwa msimu wa kimjang, ambapo familia na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi ya kula kipindi chote cha baridi. Desturi hiyo iliingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni ya UNESCO mwaka 2013. Nikala kidogo, nikaisukuma nyuma ya friji, mitihani ikaja, nikaisahau.

Kufika Machi nikafungua ndoo. Uchachu ulinipiga puani hadi machozi. Nikaibeba nikaitupe, na kwenye ngazi nikakutana na nani? Bibi mwenyewe. Aibu niliyoiona siku ile! Akachungulia, akanusa, akacheka. "Unatupa nini? Hii sasa ndiyo imefika."

Ilikuwa mwisho wa mwezi, posho haijaingia, na ndoo ile ilikuwa chakula cha wiki nzima. Basi nikarudi nayo jikoni.

Imechacha, haijaoza

Kimchi ya kawaida ni kabichi ya Kichina iliyotiwa chumvi, ikapakwa pilipili ya unga, vitunguu saumu, tangawizi, na mara nyingi dagaa au kamba waliochachushwa. Chumvi huwazuia bakteria wengi waharibifu, lakini wale wanaotengeneza asidi ya laktiki huivumilia. Hawa ni ndugu wa bakteria wanaogeuza maziwa kuwa mtindi na wanaochachusha togwa.

Wanafanya kazi kwa zamu. Mwanzoni hutawala kundi la Leuconostoc, ambalo hula sukari ya kabichi na kutoa asidi pamoja na hewa ya kabonidayoksaidi. Ndiyo maana kimchi changa iliyoanza kuiva huchangamka mdomoni kama soda. Asidi ikizidi, hawa hulegea, na wenzao wanaostahimili uchachu, mfano Lactobacillus, hushika usukani. Friji hupunguza mwendo wao tu, haiwasimamishi. Miezi minne baadaye, ndoo yangu ilikuwa imefika mbali.

Tahadhari: uchachu si uozo. Ukiona ukungu wenye manyoya, au ukisikia harufu ya kitu kilichooza, hiyo tupa bila kujadiliana.

Kwa nini kimchi mpya haifai?

Nilishawahi kupika jjigae, yaani mchuzi mzito wa Kikorea, kwa kimchi mpya ya dukani. Ikatoka kama kabichi ya kuchemsha iliyomwagiwa pilipili. Nikadhani pilipili haikutosha, nikaongeza. Ikawa kali, lakini bado haina ladha.

Kilichokosekana ni muda. Wakati wa kuchachuka, protini za dagaa na kamba waliomo huvunjika taratibu na kuachia asidi amino, ikiwemo glutamati. Glutamati ndiyo inayoleta ule utamu wa mchuzi wa nyama, ambao si wa sukari wala wa chumvi. Mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 alipochunguza mchuzi wa mwani, akaiita ladha hiyo umami.

Kuna jambo jingine tamu zaidi. Samaki na nyama wana inosinati, na glutamati ikikutana na inosinati ulimini, ladha huongezeka kuliko ukijumlisha ya moja moja. Ndiyo siri ya Wakorea kuchemsha mwani na dagaa wakavu pamoja kupata supu ya kuanzia. Wengi huweka nyama ya nguruwe kwenye jjigae. Mimi siili, ila Wakorea wenyewe wana toleo la samaki jodari wa kopo, na jodari amejaa inosinati.

Mafuta kwanza, maji baadaye

Kapsaisini, kemikali inayofanya pilipili iwashe, haiyeyuki vizuri kwenye maji, inapenda mafuta. Rangi nyekundu ya pilipili nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo ukikaanga kwanza, ukali na rangi husambaa chungu kizima. Ila moto uwe mdogo, maana pilipili ya unga huungua upesi na kuwa chungu.

Na kwa nini jjigae inayotokota mezani huonekana kali zaidi? Kapsaisini hushika kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho pia huamshwa na joto la kuanzia takriban nyuzi 43 za Selisiasi. Ulimi unapigwa pande mbili kwa mlango uleule. David Julius, ambaye maabara yake ilikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ukizidiwa, maji hayasaidii sana. Kunywa maziwa, au tafuna wali.

Usikimbilie kuipua

Si unajua ukitia nyanya kwenye maharage kabla hayajaiva yanagoma kulainika? Hapa ni vilevile. Pektini, gundi inayoshikanisha seli za mmea, huvunjika polepole kwenye mazingira ya asidi. Kimchi iliyochacha sana inadai dakika 30, si 10.

Twende jikoni (watu wawili)

Andaa kimchi iliyochacha vikombe 2, katakata. Kopo 1 la jodari wa mafuta, kitunguu maji 1, vitunguu saumu punje 3, kijiko 1 cha pilipili ya unga ya Kikorea, nusu kipande cha tofu, na majani ya vitunguu.

1. Mimina mafuta ya kopo kwenye sufuria. Kaanga kimchi na kitunguu maji kwa dakika 5 hadi 7.
2. Punguza moto, weka pilipili na saumu, koroga kwa nusu dakika.
3. Ongeza vikombe 2 na nusu vya maji ya kuoshea mchele, yale ya mkono wa pili. Wanga wake huupa mchuzi uzito. Tia pia maji ya kimchi kidogo.
4. Funika, tokosa taratibu dakika 25 hadi 30. Onja kabla ya kuongeza chumvi.
5. Uchachu ukizidi, weka kijiko kidogo cha sukari. Haiondoi asidi, inaufanya ulimi usiisikie sana.
6. Weka jodari, tofu na majani ya vitunguu, pika dakika 5 za mwisho. Kula na wali.

Jambo moja la kusema ukweli: bakteria wote wale hufa kwenye moto. Ukiwataka wakiwa hai, kula kimchi mbichi pembeni. Ila kazi yao ya miezi minne, ile asidi na ile glutamati, inabaki kwenye sufuria.

Jioni ile nilimpelekea bibi bakuli. Akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ndoo iko wapi. Mwaka huu amesema atanipa kubwa.