Stebilaiza: Chuma Ambacho Gari Lililoinuliwa Hukihitaji Zaidi Likipanda Lami

Gari likianza kugonga ko-ko-ko chini ya pua, kuna jibu la haraka ambalo madereva wengi wa Kaunti ya Marsabit wamelisikia gereji: "Hiyo ni stebilaiza. Tuitoe tu, gari litatembea." Boliti chache, kazi ya muda mfupi, na chuma kinatupwa nyuma ya karakana. Kelele imeisha. Dereva akirudi kwenye laga anaona na faida nyingine: gurudumu lililokuwa likining'inia hewani sasa linafika chini, na kule kurushwa kushoto na kulia kumepungua. Habari inaenea kwamba stebilaiza ni chuma cha watu wa Nairobi.

Faida hizo mbili ni za kweli, na mwenye kuzikana hajawahi kuendesha gari kutoka Laisamis hadi Ngurunit. Taabu huanza jioni, gari lile lile likiingia barabara kuu ya Isiolo–Moyale na magunia yamepanda hadi juu ya keria, upepo wa pembeni unavuma, na mshale wa spidi unakaribia mia.

Stebilaiza ni nondo moja ya chuma cha springi, nene kama kidole gumba au zaidi kidogo, iliyopindwa mfano wa herufi U iliyo pana. Sehemu yake ya kati imeshikwa kwenye chesisi kwa bushi za mpira. Kila ncha imeungwa na upande wa gurudumu kwa kiungo kifupi ambacho mafundi hukiita linki. (Kwenye baadhi ya magari mpangilio umegeuzwa, nondo ikakaa kwenye ekseli na linki zikapanda kwenye chesisi, lakini kazi ni ile ile.) Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo huzunguka tu ndani ya bushi zake na haifanyi lolote. Gurudumu moja likipanda peke yake, nondo husokotwa. Chuma cha springi hakikubali kusokotwa bila kupinga, kwa hivyo huvuta gurudumu la pili lifuate la kwanza.

Faida na hasara zote zinatoka hapo. Kwenye kona, uzito wa gari huegemea nje. Springi za nje hubonyea, za ndani hunyooka, na bodi hulala. Stebilaiza hupinga tofauti hiyo na kuibakiza bodi karibu na wima. Kwenye laga yenye mawe, tofauti hiyo hiyo ndiyo dereva anayoitaka, gurudumu moja juu ya jiwe na lingine ndani ya shimo, na nondo humnyima.

Unene wa nondo una maana kuliko unavyoonekana kwa macho. Ya milimita 30 ina ugumu takriban maradufu ya ile ya milimita 25 yenye umbo lile lile. Kwa sababu hiyo, stebilaiza iliyookotwa kwenye gari lingine na kulazimishwa ikae si mbadala wa ile uliyoitupa, hata kama mashimo ya boliti yanalingana.

Sasa tuje kwa magari yaliyoinuliwa, ambayo yameongezeka katika maeneo yetu kwa sababu nzuri: mawe ya kuelekea Loiyangalani hayamhurumii mwenye gari la chini. Gari huinuliwa kwa springi ndefu zaidi, kwa matairi makubwa, au kwa vyote viwili. Kuna hesabu ndogo ambayo kila mwenye gari la namna hii anaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme magurudumu ya kushoto na ya kulia yameachana mita 1.5, na kitovu cha uzito wa gari kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Gawanya nusu ya upana kwa urefu wa kitovu, yaani 75 kwa 75, upate 1. Inua gari hadi kitovu kipande sentimita 10, na jibu linashuka hadi 0.88. Panga magunia juu ya keria mpaka kitovu kifike mita 1, na sasa una 0.75. Maana yake ni kwamba nguvu ya pembeni inayotosha kulipindua gari imepungua kwa robo, na dereva hajabadilisha chochote katika mwendo wake.

Hesabu hiyo inalichukulia gari kana kwamba ni gumu kama kabati. Gari halisi lina springi. Likilala, kitovu cha uzito husogea kuelekea gurudumu la nje, na uwezo wake wa kusimama hupungua zaidi ya tulivyopiga hesabu. Stebilaiza haiwezi kushusha kitovu, lakini huzuia kusogea huko. Kwa hivyo gari lililoinuliwa linaihitaji nondo hiyo kuliko lilivyotoka kiwandani, na ndilo gari ambalo kwa kawaida huondolewa nondo hiyo kwanza.

Hatari kubwa zaidi huja pale dereva anapokwepa. Ngamia au punda akikatiza barabara ghafla, dereva hukata kushoto, kisha hukata kulia ili arudi kwenye njia yake. Bodi iliyolala upande mmoja hurushwa kwenda wa pili, na mrusho huo wa kurudi huwa mkali kuliko wa kwanza. Gari lisilo na stebilaiza hulala zaidi na huchelewa kutulia, kwa hivyo linapokata mara ya pili bado halijamaliza kulala kwa mara ya kwanza. Abiria walioketi juu ya mzigo, jambo ambalo sheria hairuhusu lakini sote tunaliona kila siku ya soko, huwa sehemu ya uzito ule wa juu, tena uzito usiofungwa kamba.

Kuna jambo la pili ambalo gereji halitajwi sana. Magari mengi ya mizigo tunayotumia yana stebilaiza mbele peke yake; nyuma yanategemea springi za majani. Ukiing'oa ya mbele, kazi ya kuzuia gari lisilale huhamia nyuma. Tairi la nyuma la upande wa nje hubebeshwa zaidi ya sehemu yake, hupoteza mshiko mapema, na mkia wa gari huanza kukimbia. Kwenye changarawe dereva mzoefu anaweza kuurudisha. Kwenye lami yenye mchanga uliopeperushwa, na kwa mwendo wa kasi, nafasi ya kuurudisha ni ndogo.

Je, faida ya kuing'oa ni sawa kwa kila gari? Hapana, na hapa ndipo wengi hupoteza bila kupata. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ina ekseli nzima mbele, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, na tangu 1999 matoleo yake ya kazi nzito yana springi za koili upande huo. Gari la namna hiyo likifunguliwa stebilaiza, gurudumu hushuka zaidi kwa kiasi kinachoonekana. Hilux na D-Max za miaka ya karibuni si hivyo. Kila gurudumu la mbele lina mikono yake, na umbali wa kupanda na kushuka umewekewa mpaka na mikono hiyo pamoja na shafti zinazolizungusha. Ukiondoa nondo, unaongeza kidogo sana kwenye mawe na kupoteza vilivyo kwenye lami.

Hata kwa ekseli nzima, si stebilaiza peke yake inayozuia gurudumu kushuka. Shoki fupi huzuia. Paipu fupi ya breki pia huzuia, na hiyo ikivutwa kupita urefu wake hukatika. Kabla ya kulaumu nondo, simamisha gari mahali pa wazi, panda jiwe au tuta kwa gurudumu moja la mbele mpaka lingine lianze kuwa jepesi, na upime. Fungua linki mbili, urudie, upime tena. Vipimo vikikaribiana, nondo haina hatia.

Watengenezaji wenyewe wanajua kwamba mahitaji ya mawe na ya lami hayalingani, na hakuna aliyechagua kuitupa nondo. Jeep Wrangler Rubicon tangu modeli ya 2007 ina kitufe cha kuiachilia stebilaiza ya mbele, na gari likipita takriban kilomita 29 kwa saa mfumo huirudisha wenyewe. Baadhi ya Nissan Patrol za muundo wa Y61 zina namna ya kuiachilia ya nyuma. Toyota nayo imeweka kwenye baadhi ya Prado za 150 na Land Cruiser za 200 mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaounganisha nondo ya mbele na ya nyuma, ukazilegeza pale magurudumu yanapopishana sana.

Asiye na kitufe anaweza kufunga linki zenye pini za kuchomoa kwa mkono. Fanya kazi hiyo mahali tambarare, gari likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa. Fungua pande zote mbili, kisha funga nondo juu kwa kamba imara isiguse tairi wala paipu ya breki. Tembea polepole. Ukimaliza sehemu mbaya, irudishe kabla hujaingia barabara ya kasi, si ukifika nyumbani. Kama gari limeinuliwa, hakikisha pia linki zimerefushwa kwa kadiri ile ile. Linki fupi hukunja nondo katika pembe isiyo yake, bushi huisha haraka, na ndipo zile kelele zinapoanza. Mara nyingi kinachogonga ni bushi au linki iliyochakaa, vipuri vidogo ambavyo hubadilishwa bila kugusa nondo yenyewe.

Na kabla ya yote hayo, punguza upepo wa matairi. Kwenye mchanga wa Chalbi, kushusha hadi karibu psi 20 humsaidia dereva kuliko kung'oa chuma chochote, mradi uwe na pampu ya kuujaza tena ukirudi lamini. Gari lenye kufuli ya difu linaweza kuendelea hata gurudumu moja likiwa hewani, kwa sababu kufuli hulizuia lile la hewani lisizunguke bure huku lenzake limesimama.

Kwa upande wa sheria, ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA, si ya serikali ya kaunti, na magari ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka sehemu zote za gari ziwe katika hali isiyohatarisha waliomo wala watumiaji wengine wa barabara. Anayeinua gari au kuondoa sehemu yake pia anafaa kuijulisha kampuni yake ya bima kwa maandishi, kwa maana mabadiliko yasiyotajwa ni sababu rahisi ya dai kukataliwa baada ya ajali.

Ukinunua gari lililotumika, inama uangalie nyuma ya bampa ya mbele. Mashimo ya boliti yaliyo wazi kwenye chesisi, au vishikio viwili visivyoshika kitu, yanaonyesha kwamba nondo ilikuwepo na imeondolewa. Kama ipo, kamata linki kwa mkono uitikise. Ikicheza, bushi zimekwisha. Muulize muuzaji nondo iko wapi kabla ya kuzungumza bei. Kama haipo, agiza ya modeli ile ile na mwaka ule ule, na uifunge kabla ya safari ya kwanza ya Isiolo.