Sajili la bunduki lawagawanya watetezi wake

VITA vya panzi, wahenga walisema, ni furaha ya kunguru. Methali hii yafaa kueleza yaliyowapata watetezi wa haki ya kumiliki bunduki katika jimbo la Connecticut, Marekani. Waliungana kuipinga sheria, lakini wakakosana walipojiuliza: sasa imepita, tuitii au tuikaidi?

Chanzo kilikuwa msiba. Mnamo Desemba 14, 2012, kijana wa miaka 20 aliingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, akawaua kwa risasi watoto 20 na watu wazima sita. Alikuwa amemuua mamake nyumbani kwanza. Bunduki alizotumia zilikuwa za mama huyo, aliyezinunua kihalali.

Wazazi walidai hatua ichukuliwe. Aprili 4, 2013, Gavana Dannel Malloy alitia saini sheria iliyopiga marufuku uuzaji wa bunduki nyingi zenye muundo wa zile za kijeshi, kama AR-15. Waliokuwa nazo tayari waliruhusiwa kukaa nazo, mradi wazisajili kwa polisi wa jimbo kufikia Januari 1, 2014. Asiyefanya hivyo angekuwa mhalifu, na angeweza kufungwa jela.

Kutii au kukaidi?

Kundi la kwanza lilishikilia kwamba sheria, hata ikiwa mbaya, ni sheria. Mtu mwenye familia na kazi atapata faida gani akifungwa? Afadhali ajisajili, kisha apigane kortini na kwenye kura. Chama cha Connecticut Citizens Defense League kilikuwa miongoni mwa walioishtaki serikali ya jimbo. Siku za mwisho za Desemba 2013, wenye bunduki walipiga foleni ndefu katika ofisi za polisi mjini Middletown, fomu mkononi.

Kundi la pili halikutaka kusikia hayo. Mwanaharakati Mike Vanderboegh alitoka Alabama hadi mji mkuu wa jimbo, Hartford, mnamo Aprili 2013, akawahimiza watu waikaidi sheria hiyo waziwazi. Kwa watu wa msimamo huu, kujisajili ni kuionyesha serikali mlango wa kubisha siku itakapotaka kuzitwaa bunduki.

Hofu hiyo ina historia. Jiji la New York lilianza kusajili bunduki ndefu mwaka 1967. Mwaka 1991 likapiga marufuku aina kadhaa, na waliokuwa kwenye orodha wakaarifiwa wazisalimishe, waziharibu zisifanye kazi, au waziondoe jijini. Sheria ya kitaifa ya 1986 inaizuia serikali kuu kuweka sajili la wenye bunduki, lakini haiyafungi mikono majimbo. Wanaounga mkono usajili nao husema kuwa bila orodha, polisi hawana njia ya kutofautisha bunduki halali na ya magendo.

Mwisho wa muda ulipofika, bunduki zipatazo 50,000 zilikuwa zimesajiliwa. Waliochelewa waliandikiwa barua: iuze kwa mfanyabiashara mwenye leseni, iondoe jimboni, iharibu au ikabidhi kwa polisi. Baadhi yao walikuwa wamejaribu kutii, na sasa majina yao yalijulikana na bunduki zao hazikuwa halali. Wakaidi waliona hilo kuwa ushahidi wa waliyoyasema.

Waliotegemea korti nao hawakufaulu. Oktoba 2015 mahakama ya rufani iliidhinisha sehemu kubwa ya sheria hiyo, na Juni 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi.

Swali halikuishia hapo. Mwaka 2023 jimbo lilipanua marufuku yake na kuwapa wenye aina nyingine za bunduki hadi Mei 1, 2024 wazisajili. Familia zaidi zikalazimika kuamua. Wala uamuzi huo si wa mwenye bunduki peke yake: akikaidi na kukamatwa, mkewe na watoto ndio watakaobaki wakimngoja.