Kwa Nini Paka wa Mabaka Mekundu na Meusi Huwa Jike?

Mkulima mwenye ghala la mahindi hufuga paka kwa ajili ya panya, wala hatazami sana rangi ya manyoya yake. Lakini akitazama vizuri ataona jambo la ajabu: paka mwenye mabaka mekundu na meusi pamoja karibu siku zote ni jike. Dume wa namna hiyo ni nadra mno. Sababu yake imo katika urithi.

Mwili wa paka umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe hizo mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Paka ana kromosomu 38, yaani jozi 19. Nusu hutoka kwa mama na nusu kwa baba. Jozi moja ndiyo inayoamua jinsia: jike ana X mbili, na dume ana X moja na Y moja.

Jeni ya wekundu imo katika X. Dume hupata X moja tu, nayo hutoka kwa mama yake. Kwa hiyo huwa ama mwekundu ama mweusi. Jike aweza kupata X ya wekundu kwa mzazi mmoja na X ya weusi kwa mwingine. Hapo, angali mchanga sana tumboni, kila chembe hufunga X moja na kutumia ya pili, na chembe zote zizaliwazo nayo hufuata vivyo hivyo. Ndiyo asili ya mabaka. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1961 na Mary Lyon, mtaalamu wa Uingereza. Mwaka 2025 wataalamu wa Japani na Marekani walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe ya wekundu.

Basi dume mwekundu akimpanda jike mweusi, watoto majike huwa na mabaka. Lakini katika madume hapatoki mwekundu, ingawa baba yao ni mwekundu. Na yule dume wa nadra mwenye mabaka kwa kawaida amezaliwa na X mbili pamoja na Y, na mara nyingi hazai.

Yafaa kukumbuka kwamba mama hana Y ya kutoa. Baba ndiye atoaye X au Y, na kwa wanadamu ni vivyo hivyo. Wako wake waliodharauliwa, hata kurudishwa kwa wazazi wao, kwa kuwa walizaa mabinti watupu. Mume afanyaye hivyo humlaumu mkewe kwa jambo lililotoka kwake mwenyewe, ingawa yeye naye hakulichagua. Wazee waletewapo shauri la namna hiyo, heri walijue neno hili kabla ya kukata hukumu.