Hesabu ya bwawa: Kocha mmoja, waogeleaji 12

MTU mzima anayeamua kuogelea kwa ajili ya afya kwa kawaida huanza kwa kulipa kiingilio cha bwawa. Huenda mara tatu au nne, hupiga maji kwa nusu saa, hutoka akihema, kisha haonekani tena. Fedha yake imenunua maji, wakati alichohitaji ni kocha.

Sababu ni ya kifizikia. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa ya ujazo ule ule. Mkimbiaji mwenye mwendo mbaya bado atasonga mbele, lakini mwogeleaji anayeinua kichwa huzamisha miguu, na mwili uliokaa hivyo hugeuka breki. Nguvu anayoongeza huishia kusukumana na maji. Yeye mwenyewe halioni kosa hilo. Analiona mtu aliyesimama ukingoni.

Tatizo ni kwamba kocha wa peke yako ni ghali. Ndiyo maana Marekani watu wazima huogelea kwa vikundi vyenye kocha, vinavyojulikana kama Masters. Mashindano yao ya kwanza ya taifa yalifanyika Mei 1970 mjini Amarillo, Texas, yakiandaliwa na kocha John Spannuth. Aliyesukuma wazo hilo alikuwa Ransom Arthur, daktari wa Jeshi la Majini, aliyetaka watu waliokwisha kuacha kuogelea wapate sababu ya kurudi mazoezini. Leo vikundi hivyo hupokea mtu yeyote kuanzia miaka 18, na wanachama wengi hawashindani kabisa. Wanataka pumzi na mwili mwepesi, basi.

Umri si kikwazo. Mieko Nagaoka wa Japani alianza kuogelea akiwa mzee wa takribani miaka 80 kwa sababu ya goti lililomsumbua. Aprili 2015, akiwa na miaka 100, alimaliza mita 1,500 kwa muda wa saa 1 na dakika 15, mwendo wote akiogelea chali.

Mazoezi yenyewe yana mpangilio. Waogeleaji hugawanywa kwa kasi: njia moja ya bwawa kwa wazito, nyingine kwa wepesi. Wote huzunguka upande mmoja, mtu akienda kulia na kurudi kulia, hivyo watano au sita hutosha katika njia moja bila kugongana. Baada ya kupasha mwili moto, kocha hutoa kazi. Kwa mfano, mita 100 mara nane, kila moja ikianza baada ya dakika mbili na nusu. Anayemaliza mapema hupumzika zaidi; anayechelewa hupumzika kidogo. Saa ya ukutani haina huruma, na mtu aliye peke yake ni nadra kujibana hivyo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Arusha, ambako mabwawa mengi yako kwenye hoteli, klabu na shule, swali ni gharama. Pampu, dawa ya maji na mhudumu hulipiwa hata bwawa likiwa tupu saa 12 asubuhi. Ni kama ghala la magunia 1,000 lililowekwa magunia 100. Mlinzi ni yule yule. Mwenye bwawa anayeelewa hilo atakubali bei nafuu kwa saa ambazo hazina wateja.

Tuseme njia mbili zinakodishwa kwa Sh50,000 kwa saa na kocha analipwa Sh40,000. Kwa vipindi 12 vya mwezi, jumla ni Sh1,080,000. Wanachama wakiwa sita, kila mmoja atatoa Sh180,000, na wengi watakimbia. Wakiwa 12, mgawo unashuka hadi Sh90,000, yaani Sh7,500 kwa kipindi. Wakifika 18 itabidi kukodi njia ya tatu, tuseme kwa Sh25,000 zaidi, na mgawo utakuwa karibu Sh76,700. Nafuu kubwa basi iko kati ya sita na 12. Kupanuka baada ya hapo kunaleta unafuu mdogo, huku kocha mmoja akianza kuzidiwa na macho.

Hesabu hiyo husimama kwa sharti moja: ada ilipwe mwanzoni mwa mwezi, mtu aje asije. Vikundi vinavyotoza kwa mahudhurio huyumba msimu wa mvua, wanachama wanapobaki kitandani wakati kocha na bwawa bado vinadai. Mkulima aliyewahi kuchangia pampu ya umwagiliaji na majirani anaujua ugomvi huo.

Kwa mkimbiaji au mwendesha baiskeli, faida ni kwamba moyo na mapafu hufanya kazi huku magoti yakipumzika. Vipindi vitatu vya saa moja ni dakika 180 kwa wiki, ndani ya kiwango cha dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa watu wazima. Hata hivyo, maji hubeba uzito wa mwili, kwa hiyo mifupa haipati msukosuko unaoiimarisha. Anayeogelea tu bado anahitaji kutembea au kunyanyua vitu vizito.

Kuna gharama moja ambayo vikundi vichanga hupenda kuiruka: mwokoaji. Kocha anayetazama mikono ya mtu wa njia ya kwanza hawezi kumlinda anayekunywa maji njia ya pili. WHO inakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Mwokoaji wa Sh15,000 kwa kipindi angeongeza Sh15,000 kwa mwezi kwenye mgawo wa kila mmoja wa wale 12.