Jongoo wa Haller Park

Mgeni anayeingia Haller Park, pale Bamburi kaskazini mwa Mombasa, huuliza kwanza kiboko yuko wapi na twiga hulishwa saa ngapi. Mimi humwomba ainame. Ainame palepale njiani chini ya mivinje, afukue kidogo majani yaliyodondoka, membamba kama sindano. Mvua ikiwa imenyesha, hatakosa jongoo mweusi mwenye miguu myekundu.

Hapa palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na kila kilipomaliza kuchimba mawe ya matumbawe kiliacha uwanda mweupe usio na udongo, uliokaribia maji ya ardhini, nayo ya chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu hapo aina 26 za miti. Zilisalimika tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo.

Watu wa pwani tunaujua mvinje tangu utotoni. Hauogopi chumvi wala upepo. Siri yake iko mizizini, kwenye vinundu wanamoishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Ndiyo maana uliota penye jiwe tupu. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza. Yamejaa tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi, na viumbe wa kuozesha hawayawezi. Miti ilisimama, udongo haukupatikana.

Aliyeyaweza ni jongoo. Haller alimwona akiyala, akawaleta wenzake kwa mamia. Wakatafuna. Kinyesi chao, vidonge vidogo tu, bakteria wakakimalizia kikawa mboji, na katika mboji hiyo miti mingine ikashika mizizi. Tukisema mtu amemtupa jongoo na mti wake, tuna maana ameacha kitu moja kwa moja. Bamburi jongoo na mti wake waliokotwa pamoja, na sidhani mmoja angefanikiwa bila mwenzake.

Ukishamwona, nenda bwawani. Maji yale ni ya ardhini, yaliyofunuliwa kwa kuchimba. Palipo na samaki pakaja ndege. Wageni walifunguliwa mlango mwaka 1984. Huku ndiko alikoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa upande wa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ni mamaye. Kisa chao kilizunguka dunia nzima, na kilistahili. Ila kivuli walichokaa wote wawili kilianzia kwenye yale majani.

Nenda msimu wa masika, asubuhi, pamoja na mtoto. Mwambie atazame anapokanyaga. Jongoo akiguswa hujikunja na kutoa majimaji yanayonuka na kuwasha. Mtoto akimshika, anawe mikono kabla ya kula.