Manjano na shubiri hutuliza utumbo, lakini usitupe dawa za daktari

UKISHUKA matatu Kayole, Dandora au Umoja, hutakosa kuona chupa za dawa za miti shamba zimepangwa kando ya barabara. Muuzaji atakuapia kwamba hii ya manjano au ile ya shubiri hutibu tumbo la kila aina. Je, kuna ukweli wowote?

Huenda umeharisha damu kwa majuma mengi. Umetibiwa amiba, ukatibiwa taifodi, na bado tumbo linasokota. Si kila kuhara damu huletwa na viini. Wakati mwingine kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utumbo wenyewe, ukavimba na kufanya vidonda. Ugonjwa ukishika utumbo mpana pekee huenda ni kolaitisi ya vidonda. Ule unaoweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, huitwa ugonjwa wa Crohn.

Manjano

Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini, ambayo hupunguza uvimbe. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza walivyowafuatilia wagonjwa 89 wa kolaitisi waliokuwa wamepata nafuu. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Baadhi waliongezewa gramu 2 za kurkumini kila siku kwa miezi 6, wengine dawa bandia. Kati ya 43 wa kurkumini waliopimwa, ugonjwa uliwarudia 2 tu. Kati ya 39 wa dawa bandia, uliwarudia 8.

Lakini usikimbilie dukani. Gramu 100 za unga wa manjano huwa na kurkumini gramu 3 hivi. Ili upate gramu 2, itakubidi ule gramu 65 za unga kila siku. Hakuna mchuzi wa kubeba manjano hayo!

Shubiri

Uingereza, mwaka 2004, wagonjwa 30 walikunywa ute wa shubiri kwa majuma manne, na 9 wakapata nafuu kamili. Kati ya 14 wa dawa bandia, alipata 1. Jihadhari: utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huharisha vikali, nao huingia ukisaga jani zima.

Ufanye nini?

Ukiona damu chooni, ukikonda, au ukiamshwa usiku na tumbo, nenda hospitalini upimwe choo, na ikibidi utumbo uchunguzwe kwa kamera. Usiache dawa ulizopewa. Na usione haya kumwambia daktari miti shamba unayokunywa: kurkumini, kwa mfano, yaweza kuzidisha kutokwa na damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.