Kidonda Kisichouma

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za kidonda kinachokula mwili kimyakimya. Mwaka 1897, huko Mengo, Kampala, daktari Albert Cook aliwaona wagonjwa wenye vidonda hivyo akaandika habari zao. Miaka ya 1960 wagonjwa waliongezeka sana Buruli, hukohuko Uganda, ndipo ugonjwa ukaitwa kidonda cha Buruli.

Huletwa na bakteria wanaopenda ubaridi wa nyuzi 29 hadi 33. Ndani ya mwili kuna nyuzi 37, basi wao hukaa kwenye ngozi, hasa ya miguu na mikono. Humo hutoa sumu inayoua nyama na kuzima maumivu. Uvimbe hauumi, kwa hiyo mtoto anaendelea kucheza mpira mpaka ngozi inapasuka. Barani Afrika, karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Dawa zipo: rifampisini na klarithromaisini, kila siku kwa wiki 8. Zinaua bakteria hao, lakini shimo linabaki wazi, na vijidudu vingine vinalivizia. Hapo muuguzi ndiye mlinzi.

Mtazameni. Ananawa mikono, anavaa glavu. Bandeji ya jana imeganda kidondani, naye haivuti. Anailowesha kwa maji ya chumvi yaliyo safi mpaka iachie yenyewe, maana akiivuta ataing'oa ngozi changa inayoanza kuota. Kisha anachunguza. Nyama nyekundu yenye unyevu ni habari njema. Nyeusi imekufa, iondolewe. Usaha mwingi na harufu mbaya humfanya amwite daktari. Anapima upana, anaandika, anafunika kwa shashi yenye unyevu, kwa sababu ngozi mpya haisogei vizuri juu ya pakavu.

“Haya, nyoosha goti, mwanangu,” anamwambia mgonjwa.

“Sista, linavuta!”

“Najua. Polepole tu. Tukiliacha limekunjwa, kovu litalifunga hivyohivyo.”

Nanyi mna kazi. Mkiona uvimbe usiouma wala kuisha, mwambieni mtu mzima awapeleke kituo cha afya. Mwenzenu aliyefungwa bandeji msimkimbie. Ugonjwa huu hauenei kwa kushikana mikono wala kucheza pamoja. Msindikizeni akafungwe kidonda, na mhimizeni amalize dawa zake zote.